Mwanaume, tafuta tabibu kabla hujatafuta kipimo

Wanaume wanaponiuliza habari za afya, swali lao huwa karibu lilelile: "Nikapime nini?" Mwenzao kazini amepata kiharusi, au wametoka kumzika mtu wa rika lao, na sasa wanataka orodha ya vipimo waimalize asubuhi moja kisha warudi kwenye shughuli zao. Nawaelewa, maana hofu yao ni ya kweli. Lakini siku hizi nawarudishia swali: majibu yakitoka, utampelekea nani? Unaye mtu mmoja wa afya, awe daktari, tabibu, muuguzi au mfamasia, anayekujua, anayekumbuka presha yako ilisomaje mwaka jana, na ambaye ukimweleza jambo la aibu hutajuta? Wengi hapo hunyamaza.

Naamini kwamba kwa mwanaume kinga huanza na mtu huyo. Vipimo vinakuja baada yake, na vingine hata havihitajiki mpaka yeye aseme.

Najua hayo hayaendi sambamba na matangazo ya vifurushi vya "pima mwili mzima". Basi tuanze na ushahidi. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark, chini ya mtandao wa Cochrane unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio yaliyopima faida ya kuwaita watu wazima wasio na dalili yoyote waje wachunguzwe afya kwa ujumla. Mapitio hayo yalirudiwa mwaka 2019, yakiwa na washiriki zaidi ya 250,000. Walichokiona ni kwamba kuitwa kwenye uchunguzi wa jumla hakukupunguza vifo kwa ujumla wala vifo vya saratani, na kwa magonjwa ya moyo tofauti ilikuwa ndogo mno au haikuwepo kabisa. Hilo halina maana kwamba kupima presha ni kazi bure. Wanaoitikia mwito wa namna hii mara nyingi ndio ambao tayari wanajitunza, na walio hatarini hubaki nyumbani. Halafu kipimo ambacho hakuna anayekifuatilia hubaki karatasi. Mtu anaambiwa sukari yake imepanda kidogo, anaikunja ile karatasi, anaitia kwenye droo, na maisha yanaendelea hadi siku macho yanapoanza kuona ukungu.

Sasa tazama upande wa pili. Nchini Norwei karibu kila mkazi ameandikishwa kwa daktari wake wa kawaida, na serikali inatunza kumbukumbu za nani yuko na nani na kwa muda gani. Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 4.5. Waliwalinganisha waliokuwa na daktari mmoja kwa mwaka mmoja tu na waliokaa na daktari yuleyule kwa zaidi ya miaka 15. Kundi hili la pili lilikuwa na uwezekano mdogo kwa takriban asilimia 30 wa kuhitaji huduma ya dharura nje ya saa za kazi, asilimia 28 wa kulazwa hospitali, na asilimia 25 wa kufariki katika mwaka uliofuata. Utafiti wa namna hii hauwezi kuthibitisha kwamba daktari yule ndiye chanzo cha tofauti yote, kwa sababu watu wanaotulia na daktari mmoja huenda wanatofautiana na wengine kwa mengi. Hata hivyo faida ilizidi kukua kadiri miaka ilivyoongezeka, na mimi naona inaeleweka. Anayekufahamu hahitaji kuanza upya kila mara. Anajua kwamba wewe si mtu wa kulalamika, kwa hiyo siku ukisema umechoka, anashtuka.

Presha ndiyo mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi kuliko pengine popote. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni moja wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa sababu haiumi. Wengi husubiri kichwa kigonge ndipo waamini, ilhali mtu anaweza kutembea na presha ya 170 kwa 100 miaka mingi, anacheka, anabeba mizigo, analala vizuri, huku mishipa ya ubongo, figo na moyo inachakaa polepole. Kiharusi kikija huitwa cha ghafla. Kwa mwili hakikuwa cha ghafla hata kidogo.

Na kipimo chenyewe, ambacho kinaonekana chepesi kuliko vyote, huharibiwa kila siku. Mtu ametoka kupanda ngazi, anahema, anakalishwa kwenye stuli isiyo na mgongo, mkono unaning'inia, mkanda unafungwa juu ya shati, huku anaulizwa maswali na anajibu. Namba inayotoka hapo haifai. Utaratibu unaokubalika ni huu: kibofu kiwe kimeshamwagwa, usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia, ukae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote miwili sakafuni bila kukunjwa nne, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, mkanda uguse ngozi na uwe wa ukubwa unaolingana na mkono wako. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Mkono unaoning'inia hupandisha namba. Kuongea kunapandisha pia. Kisha upimwe zaidi ya mara moja, na usiitwe mgonjwa wa presha kwa siku moja, isipokuwa namba ziwe za kutisha. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ni 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Marekani tangu mwaka 2017 wanaanzia 130 kwa 80.

Nimerefusha hapa kwa makusudi, maana upimaji huu unakupa nafasi ya kumpima anayekupima. Mhudumu anayekuambia "kaa kwanza upumzike", akakuandalia mkono wako mezani, akarudia kipimo, kisha akakutajia namba zote mbili na maana yake, huyo ameshakuonyesha jinsi atakavyokuhudumia kwenye mambo makubwa. Na yule anayesema "iko sawa" bila kutaja namba, mwombe azitaje na uziandike. Zikiwa zako, ni haki yako kuzijua.

Upo utafiti mmoja ambao nimeusimulia kwa kila rafiki anayenivumilia. Huko Los Angeles, daktari wa moyo aitwaye Ronald Victor na wenzake waliingia kwenye saluni 52 za kiume zinazohudumia Wamarekani weusi, wakawapata wateja 319 wenye presha isiyodhibitiwa. Namba yao ya juu ilikuwa zaidi ya 150 kwa wastani. Katika nusu ya saluni, vinyozi waliwahimiza wateja wao wakaonane na daktari na wabadili mwenendo wa maisha. Katika saluni nyingine, wafamasia waliopata mafunzo maalumu walikuja wenyewe palepale kwenye kiti cha kunyolea, wakapima, wakaandika dawa kwa makubaliano na daktari wa kila mteja, wakarudi tena na tena kurekebisha dozi. Baada ya miezi sita, kundi la wafamasia lilikuwa limeshuka kwa takriban alama 27. Kundi la kuhimizwa lilishuka kwa 9. Walipofuatiliwa hadi mwaka mmoja, tofauti ilikuwa ingalipo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018, na kwa kawaida dawa moja ya presha haishushi namba kiasi hicho hata kidogo.

Dawa walizopewa hazikuwa mpya. Ni zilezile zinazopatikana katika maduka ya dawa. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa afya aliwafuata mahali walipokuwa wakijisikia nyumbani, mbele ya kinyozi waliyemwamini miaka, na hakuwaacha baada ya siku ya kwanza. Watu wakisema wanaume hawapendi hospitali, huwa nawarudisha kwenye utafiti huu. Wanaume wale hawakukataa tiba. Walikataa kukaa foleni asubuhi nzima ili waambiwe maneno mawili na mtu wasiyemjua, na sioni ajabu yoyote katika kukataa huko.

Maneno mawili, nasema. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta kwamba mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18 kwa wastani tangu aanze kueleza shida yake. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta wanaokatizwa hukatizwa baada ya sekunde 11. Madaktari hujitetea kwamba wakimwacha mgonjwa aongee, hatanyamaza. Basi huko Basel, Uswisi, walijaribu. Waliwaomba madaktari wanyamaze mpaka mgonjwa amalize mwenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92. Wagonjwa karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili.

Kwa mwanaume dakika mbili hizo ni muhimu mno, kwa kuwa wengi wetu hatuanzi na jambo lenyewe. Tunaanza na mgongo. Tunaanza na kikohozi. Jambo lililotutoa nyumbani tunalitoa mwishoni, mkono ukiwa umeshashika kitasa cha mlango: "Halafu daktari, kuna kitu kingine kidogo…" Mhudumu mzuri anaijua sentensi hiyo. Anakuambia ukae tena. Tabibu wangu wa sasa ni mwanamke aliye mdogo kwangu kwa umri, na kilichonifanya nibaki kwake ni kwamba siku ya kwanza aliisukuma kando ile kompyuta, akasema: "Nieleze wewe kwanza, haya ya kuandika yatasubiri." Nikamweleza hata yale ambayo sikuwa nimepanga kuyasema.

Mara nyingi kitu hicho kingine kidogo ni nguvu za kiume. Hapa naomba tusikimbie, maana pengine ndipo kinga ya moyo wa mwanaume inapopotezwa kwa wingi zaidi. Uume husimama kwa damu. Mishipa inayoupelekea damu ina upana wa takriban milimita moja hadi mbili, na mishipa inayolisha moyo ni takriban milimita tatu hadi nne. Ugonjwa unaoharibu kuta za mishipa, kutokana na sigara, presha, kisukari au lehemu (kolesteroli) nyingi kwenye damu, huigusa mishipa yote mwilini, lakini iliyo myembamba ndiyo inayolemewa mapema. Ndiyo maana kwa wanaume wengi wenye ugonjwa wa mishipa, tatizo la kusimamisha lilitangulia maumivu ya kifua kwa miaka miwili hadi mitano. Huo ni muda mrefu. Mtu akifika kwa tabibu wakati huo, akapimwa presha, sukari na lehemu, akasaidiwa kuacha sigara, akaanzishiwa dawa kama zinahitajika, moyo unaweza kuokolewa kabla haujasema neno.

Wengi wanafanya nini badala yake? Wananunua vidonge kimyakimya, vya kuaminika na visivyoaminika, wakafunika ile dalili. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na katika suala hili uchi wenyewe ndio unaotoa taarifa. Tena kuna hatari ya moja kwa moja: dawa za nguvu za kiume za kundi la sildenafil zikikutana mwilini na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kuanguka kwa kiwango cha kuua. Anayekuuzia uchochoroni hatakuuliza kama unatumia dawa za moyo. Si kila tatizo la nguvu za kiume ni mishipa, kwa kweli. Sonona, uchovu, pombe, homoni, hata baadhi ya dawa za presha zenyewe huchangia. Lakini huwezi kujua ni lipi kwa kukisia, na mwanaume anayeacha dawa zake za presha kimyakimya kwa sababu anadhani zimemharibia ndoa, bila kumwambia aliyemwandikia, anajiweka pabaya wakati ambapo mara nyingi dawa ingeweza kubadilishwa tu.

Tezi dume ni mada nyingine ambayo inamtofautisha mhudumu na mhudumu. Duniani kote mwaka 2022 wanaume wapatao milioni 1.47 waligunduliwa kuwa na saratani ya tezi hii, na karibu 400,000 walifariki. Kwa hiyo hofu ina msingi. Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kiitwacho PSA, na nasema hivyo kwa sauti kwa sababu wanaume wengi hukimbia wakidhani kila uchunguzi huanza na kidole kwenye njia ya haja kubwa. PSA hupima protini inayotengenezwa na tezi hiyo. Shida ni kwamba hupanda pia tezi ikivimba kwa sababu ya umri tu, kukiwa na maambukizi ya mkojo, hata baada ya kumwaga shahawa siku moja au mbili kabla. Na kuna saratani za tezi dume zinazokua taratibu kiasi kwamba mtu angekufa kwa uzee bila kuzihisi. Ukizigundua na kuzitibu zote, utawaachia baadhi ya wanaume tatizo la kutozuia mkojo na kushindwa kusimamisha bila kuwaongezea siku hata moja.

Ndiyo maana ushauri umepanda na kushuka. Jopo la wataalamu wa kinga la Marekani lilipinga upimaji wa PSA kwa wanaume wote mwaka 2012, kisha mwaka 2018 likageuka na kusema wenye miaka 55 hadi 69 waamue wenyewe baada ya kuzungumza na daktari, na kuanzia 70 wasipimwe kwa kawaida. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume kwa miaka 23, matokeo yake yakatoka mwaka 2025, ulionyesha kwamba kualikwa kupima kulipunguza vifo vya saratani hii kwa asilimia 13. Kwa lugha ya watu, kifo kimoja kiliepushwa kwa kila wanaume 456 walioalikwa. Ni faida ya kweli, ingawa si kubwa kama mabango yanavyoahidi. Na kuna habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Nchini Uingereza wanaume 1,643 wenye saratani iliyokuwa bado ndani ya tezi waligawanywa katika makundi matatu, wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa kwa karibu tu. Baada ya miaka 15, takriban asilimia 97 hawakuwa wamekufa kwa saratani hiyo, na makundi yote matatu yalikaribiana. Leo katika vituo vingi, PSA ikipanda hurudiwa kwanza, halafu kipimo cha picha kiitwacho MRI hutangulia kukatwa kipande kidogo cha tezi kwa uchunguzi.

Sasa fikiria tabibu wa aina mbili. Mmoja anasema, "Una miaka hamsini, kapime." Mwingine anauliza kama baba yako au kaka yako aliwahi kuugua, kwa sababu hatari huongezeka kwa wenye historia hiyo, kwa wanaume wenye asili ya Afrika, na kwa wenye hitilafu ya jeni iitwayo BRCA2, na hao huhitaji mazungumzo haya mapema zaidi, katika miaka ya arobaini. Anakueleza unachoweza kupata na unachoweza kupoteza. Anakuuliza: "PSA ikiwa juu, uko tayari kwa hatua inayofuata?" Kisha anakuachia uamuzi. Mimi namchagua huyo wa pili hata kama yuko mbali, hata kama miadi yake inachelewa.

Vipimo vingine nitavipita haraka, maana maelezo yake ni mafupi. Saratani ya utumbo mpana huanza mara nyingi kama kinyama kidogo kinachochukua takriban miaka kumi kugeuka saratani, na ndiyo maana kuitafuta kuna faida kubwa. Marekani walishusha umri wa kuanza kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021, na kipimo cha choo cha kila mwaka kinatosha kwa wengi kama kamera ya kuingizwa kwenye utumbo inawatisha. Mwanaume aliyewahi kuvuta sigara, akiwa kati ya miaka 65 na 75, anastahili ultrasaundi moja ya tumbo kuangalia kama mshipa mkuu umetanuka. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 mmol/L ni kisukari, mradi irudiwe na kuthibitishwa. Vijana wanapaswa kujua kwamba saratani ya korodani huwapata zaidi wao kuliko wazee, na inapona kwa idadi kubwa mno ikiwahiwa, kwa hiyo uvimbe mgumu usiouma haungojwi. Chanjo ya homa ya ini aina B haina jinsia. Na sigara: mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka kwa karibu nusu.

Akili siwezi kuipita haraka. Duniani kiwango cha wanaume wanaojitoa uhai ni takriban mara mbili ya wanawake, na wanawake ndio wanaoripotiwa zaidi kuwa na sonona. Namba hizo mbili zikiwekwa pamoja zinaniuma, maana zinaonyesha wanaume wengi hawakuwahi kuhesabiwa kabla ya kupotea. Sonona ya mwanaume mara nyingi haiji na machozi. Huja kama hasira kwa watoto, kama chupa inayoongezeka, kama kazi isiyoisha, usingizi unaokatika saa tisa usiku, mwili unaouma bila sababu inayoonekana kwenye vipimo. Mhudumu wa kweli ana maswali mawili mepesi anayoyauliza hata ukiwa umekuja kwa ajili ya goti: katika wiki mbili zilizopita, umekosa hamu au furaha katika mambo uliyokuwa ukiyapenda? Umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au umekata tamaa? Ukijibu ndiyo, atakwenda mbele, na atakuuliza wazi kama umewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hivyo hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Tafiti zimeliondoa shaka hilo. Kama wewe ndiye uliye katika hali hiyo sasa hivi, usingoje miadi, nenda kwenye huduma ya dharura iliyo karibu au mwambie mtu aliye karibu nawe akupeleke.

Basi mtu huyo wa afya wa kudumu anapatikanaje? Kwanza, mtafute ukiwa mzima. Ukiwa na homa kali humchagui mtu, unamchukua aliyepo. Nenda na jambo dogo, kupima presha au kuuliza kuhusu chanjo, na utazame. Je, mlango ulifungwa? Je, aliuliza unafanya kazi gani, unalala saa ngapi, nyumbani wakoje? Alipoandika dawa, alikuambia ya nini, uinywe hadi lini, na ufanye nini ikikusumbua? Ulipouliza swali la pili, uso wake ulibaki ulivyokuwa? Nilimwacha daktari mmoja, sitataja yeye wala hospitali yake, kwa sababu alinisomea majibu yangu kwa sauti mlango ukiwa wazi na watu kwenye benchi wakisikiliza. Huenda alikuwa bingwa. Lakini siri ya mgonjwa ikimwagwa mara moja, mgonjwa hatasema tena ukweli, na bila ukweli ubingwa wake haunifai kitu.

Wengine huniuliza kama ni bora awe mwanaume mwenzao. Liko jaribio linalogusa kufanana kwa asili, si kwa jinsia, lililofanyika Oakland, California, ambako wanaume weusi walipangiwa madaktari kwa kubahatisha. Kabla ya kukutana, kwa kuona picha tu, uchaguzi wao wa vipimo haukutofautiana kati ya waliopewa daktari mweusi na waliopewa daktari wa asili nyingine. Baada ya kuzungumza, waliokutana na daktari mweusi walikubali vipimo vya kinga zaidi, hasa vile vya kuchomwa na kutolewa damu. Mimi nalisoma hivi: kufanana kunasaidia kwa sababu kunarahisisha mazungumzo, na kazi inafanywa na mazungumzo yenyewe. Kama mwanaume mwenzako ndiye unayeweza kumfungukia, muombe, wala usione haya. Kama ni mwanamke, kama ilivyo kwangu, vilevile. Mke, dada au mwenzi akitaka kukusindikiza, mwambie tabibu kama unataka aingie ndani au asubiri nje. Uamuzi ni wako, na tabibu ndiye anayepaswa kuulinda.

Siku ya kwanza sema sentensi moja ambayo naona inafungua mambo mengi: "Sina ugonjwa ninaoujua. Nataka uwe mtu wangu wa kudumu, nianze na nini kwa umri wangu na kwa historia ya nyumbani kwetu?" Kisha mpe historia hiyo bila kuipamba. Nani alipata kiharusi na akiwa na umri gani, nani ana kisukari, nani alifariki usingizini bila sababu kujulikana. Ukiwa unavuta, taja ni sigara ngapi. Ukiwa unakunywa, taja kiasi cha kweli. Beba dawa zote unazotumia, za hospitali, za asili na zile za kuongeza nguvu, uziweke mezani. Ukishindwa kulisema jambo kwa mdomo, liandike kwenye karatasi umkabidhi. Nimewaona wanaume wazima wakifanya hivyo na tabibu akaisoma ile karatasi kwa heshima zote.

Usitoke bila tarehe ya kurudi, hata kama ni mwaka ujao, na bila namba zako zimeandikwa: presha, sukari, uzito, kiuno, lehemu kama ilipimwa. Na ikitokea mhudumu huyo amehamishwa au amestaafu, omba nakala ya kumbukumbu zako kabla hajaondoka, kisha muulize yeye mwenyewe angependa akuache mikononi mwa nani.